Swali la Samaki: Uchambuzi wa Kisa cha Kuchunguza Hofu za Watu Kuhusu Zebaki Machimboni

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya wenzangu wanaotumwa vijijini na dodoso mkononi kwenda kuuliza watu wanahofia nini. Nimeondoa jina la kijiji, la wilaya, la shirika lililotufadhili na la kila aliyezungumza nasi. Vitu vichache vidogo ambavyo vingemfanya jirani amtambue jirani nimevibadilisha. Mimi nilikuwa msimamizi wa wahojaji, kwa hiyo makosa ya uwanjani nitakayoyaeleza yalipitia mikononi mwangu.

Usuli

Mahali penyewe ni machimbo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, Kanda ya Ziwa, Tanzania. Kijiji cha wakulima wa pamba na mihogo kilikuwepo tangu zamani. Dhahabu ilipoonekana kambi ikaota pembeni yake, na baada ya muda hukuweza tena kusema kijiji kinaishia wapi na kambi inaanzia wapi. Chini ya mteremko kuna kijito kinachoelekea Ziwa Victoria, na jioni akina mama wanapandisha samaki kutoka ziwani kuja kuwauza kambini.

Kazi inakwenda hivi. Mawe yanatolewa kwenye duara, yaani shimo la mgodi, yanasagwa kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, na unga wake unaoshwa mwaloni, mahali pa kuoshea. Kinachobaki kinatiwa kwenye karai pamoja na zebaki, ambayo inazinasa chembe za dhahabu na kufanya donge. Donge linakamuliwa kwa kitambaa, kisha linachomwa: zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Mchanga uliokwishaoshwa, ambao wenyewe wanauita marudio, unauzwa kwa wenye mitambo ya sianidi, kemikali inayotoa dhahabu iliyobaki humo. Kwenye maduara na makarasha wengi ni wanaume. Kwenye karai, hapo kambini, wengi walikuwa wanawake, na uchomaji nao mara nyingi uliangukia mikononi mwao.

Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio shughuli ya binadamu inayorusha zebaki nyingi zaidi hewani duniani. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba unachangia zaidi ya theluthi moja ya zebaki yote inayorushwa hewani na shughuli za watu. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa 2013 na kuanza kutumika 2017, umechukua jina la mji wa Japani ambako mwaka 1956 ulitambuliwa rasmi ugonjwa wa watu waliokula samaki na kombe wa ghuba iliyochafuliwa na kiwanda. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Miongoni mwa vitendo ambavyo mkataba huo unataka vikomeshwe ni kuchoma donge la zebaki mahali watu wanapoishi.

Shirika lililotutuma lilitaka kuanzisha kampeni ya elimu kuhusu zebaki. Kabla ya kuchapisha bango lolote, lilitaka kujua wananchi wana wasiwasi kiasi gani kuhusu hatari za mazingira. Sentensi hiyo ilikuwa imeandikwa hivyo hivyo kwenye hadidu za rejea, nasi tukaibeba kama ilivyo hadi kijijini.

Mpango wa kwanza na kwa nini tuliuchagua

Tulichagua dodoso lenye maswali 42. Mengi yalikuwa ya namna iliyoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, pale Paul Slovic, Baruch Fischhoff na Sarah Lichtenstein huko Oregon, Marekani, walipowapa watu orodha ndefu ya vitu vya hatari na kuwaomba wavipime kimoja kimoja kwa alama. Kazi yao ilionyesha jambo kubwa: hofu ya watu haifuati idadi ya vifo peke yake. Kitu kinachotisha kwa namna yake ya kuua, na kitu kisichoonekana wala kueleweka, huogopwa kuliko kile ambacho watu wamekizoea hata kama kinaua wengi zaidi.

Tuliiga umbo hilo. Tuliorodhesha zebaki, sianidi, ukataji miti, uchafuzi wa maji, samaki wenye sumu, taka, vumbi. Kila kimoja kilipewa ngazi tano, kuanzia “sina wasiwasi kabisa” hadi “nina wasiwasi sana”. Sababu zetu hazikuwa za kipuuzi. Muda ulikuwa mfupi, wahojaji walikuwa sita, mfadhili alitaka asilimia za kuweka kwenye ripoti, na dodoso la namna hii linaingia vizuri kwenye kishikwambi, jioni unapakua majibu yote.

Vibali vya utafiti tulivipata na barua za utambulisho tulizifikisha ngazi zote, mkoa hadi kijiji. Dodoso tulilijaribu mjini, kwa vijana wa chuo kimoja, kwa kuwa ndiko tulikokuwa na wahojaji. Walilielewa bila shida, nasi tukaridhika. Leo nikiulizwa kisa hiki kilianza kuharibika wapi, nitasema ni kwenye jaribio hilo. Kijana wa chuo na mama wa karai wanazungumza Kiswahili kimoja, lakini maneno yale hayawafungulii mlango mmoja.

Siku nne za kwanza

Tuliingia kijijini na mtendaji, kama desturi inavyotaka, tukiwa tumevaa vizibao vyenye nembo. Tulitembea nyumba hadi nyumba. Siku ya kwanza jioni nilipofungua majibu nilifurahi kwa dakika kadhaa, kisha nikaanza kupata mashaka. Karibu kila mtu alikuwa ameweka ngazi ya tano kwa zebaki, ngazi ya tano kwa sianidi, ngazi ya tano kwa maji. Wachache waliobaki walikuwa wameweka ngazi ya kwanza kwa kila kitu, kutoka juu hadi chini. Katikati hapakuwa na mtu.

Siku ya pili nilifuatana na mhojaji mmoja, binti makini sana, nikakaa pembeni kusikiliza. Alimwuliza mama mmoja wa makamo: “Mama, una wasiwasi kiasi gani na zebaki?” Mama akanyamaza, akamtazama, akauliza: “Zebaki ndiyo ipi, mwanangu?” Binti akasoma tena kama alivyofundishwa, bila kuongeza neno. Mama akasema: “Haya, andika sana.” Walipomaliza nilimwuliza yule mama, nje ya dodoso, kama anatumia mekyuri. Akacheka kwa mshangao. “Mekyuri si ndiyo kazi yenyewe!” Hapo kambini wengi walisema mekyuri. Zebaki lilikuwa neno la redioni na la maofisa.

Neno “mazingira” nalo lilitupeleka kwingine. Tulipouliza kuhusu matatizo ya mazingira tulijibiwa habari za vyoo, za takataka nyuma ya vibanda vya mamalishe, za kupanda miti. Miaka mingi neno hilo limefika vijijini likiwa limeshikana mkono na usafi, na watu walilijibu kama wanavyolijua. “Wasiwasi” likawa gumu zaidi. Ukimwuliza mtu kama ana wasiwasi na wenye makarasha, anasikia unamwuliza kama anawashuku. Mzee mmoja alimjibu mhojaji wetu kwa hasira kidogo kwamba yeye hana wasiwasi na mtu yeyote, anaishi na watu wote vizuri. Jibu hilo likaandikwa ngazi ya kwanza.

Siku ya tatu tulijaribu kubadilisha uwanjani, tukaweka “kero”. Likawa kosa la pili. Kero ni neno la mkutano wa hadhara. Ukilitaja, mtu anakaa wima na kuanza kukupa orodha anayompa kiongozi anapokuja: barabara, zahanati, umeme, maji. Yote yalikuwa ya kweli na mazito, lakini alikuwa anazungumza na serikali aliyoiona ndani ya vizibao vyetu.

Swali la samaki

Swali la 27 lilisema: “Je, una wasiwasi kwamba samaki mnaokula hapa wana zebaki?”

Hatukuwa tumepima samaki hata mmoja. Swali lilikuwa limetoka kwenye dodoso la nchi nyingine, likapita kwenye kikao chetu bila mtu kulisimamisha. Tuliliuliza kwa siku tatu, kwenye kaya kwa kaya. Siku ya nne asubuhi, nikiwa nakunywa chai kwenye kibanda cha mamalishe, nilisikia mteja akiagiza maharage na kusema samaki hataki, kwa sababu “wataalamu wamekuja, wamesema samaki wana sumu”. Hakunijua. Mamalishe alinijua, na alinitazama usoni bila kusema neno.

Jioni ile nilikwenda mahali wanapouzia samaki. Mama mmoja alikuwa amekaa nyuma ya beseni la sangara waliokatwa vipande, nzi wakiwa wameanza kutua, na kwa saa ile kwa kawaida huwa ameshaosha beseni na kurudi nyumbani. Nilimwamkia, akaitika. Akaniuliza kwa utaratibu tu: “Baba, hawa samaki mmewapima lini?”

Sikuwa na jibu.

Uamuzi wa kusimama

Usiku ule timu ilikaa. Kulikuwa na hoja mbili. Wenzangu wawili walitaka tumalize sampuli, kwa kuwa tulikuwa tumefika zaidi ya nusu na fedha za wahojaji zilikuwa zimehesabiwa kwa siku. Kuondoa swali la 27 na kuendelea kulitosha, walisema. Sisi wengine tuliona kwamba majibu tuliyokuwa nayo hayakuwa na la kufundisha. Yalipima adabu ya watu kwa mgeni na woga wao kwa mtu mwenye kizibao. Zaidi ya hapo, tulikuwa tumemwingiza mtu hasara kwenye biashara yake.

Tulisimama. Kesho yake tulimpigia mratibu wa shirika, naye hakupendezwa. Ripoti ingechelewa na asilimia alizoahidi zingekosekana. Alikubali baada ya kusikia habari ya samaki, kwa sharti kwamba tusiombe fedha za ziada. Sharti hilo lilikuja kutuuma baadaye.

Kisha tulimwomba mwenyekiti wa kitongoji atuitie watu, tukarudi pale pale sokoni. Hatukwenda kusema samaki ni salama, maana hilo nalo hatukulijua. Tulisema mambo matatu. Kwamba hatujapima samaki. Kwamba swali lile lilikuwa swali, halikuwa taarifa, na tuliliweka vibaya. Na kwamba kinachojulikana kutokana na tafiti zilizochapishwa kuhusu Ziwa Victoria ni kuwa samaki wengi walikutwa chini ya kiwango kinachotumika sana kimataifa cha nusu miligramu ya zebaki kwa kilo, sangara wakubwa sana wakiwa ndio wanaokaribia, kwa sababu samaki mla samaki hujikusanyia sumu ya wote aliowala. Mtu mmoja akauliza kwa nini basi tulikuja kuuliza tusichokijua. Mratibu wetu wa utafiti alimjibu kwamba tulitaka kujua wao wanahofia nini. Yule mtu akasema: “Sasa tunahofia nyinyi.” Watu hawakucheka.

Awamu ya pili

Tulivua vizibao. Tuliomba ruhusa ya kukaa mwaloni, si kuhoji nyumba kwa nyumba. Wahojaji wanne tuliwabakisha, wawili wanawake, na mmoja wao alikuwa amelelewa kwenye machimbo ya jirani. Tulichukua njia nyingine, ile iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Pittsburgh, ambako Granger Morgan, Fischhoff, Ann Bostrom na wenzao walichunguza, miongoni mwa mambo mengine, namna watu wanavyoielewa radoni, gesi yenye mionzi inayoingia majumbani. Njia hiyo huanza na wataalamu kuchora wanavyojua hatari inavyosafiri, kutoka chanzo hadi mwilini. Kisha unamwachia mtu wa kawaida azungumze mwenyewe, kwa swali pana mno, ukimfuata anakokwenda. Halafu unalinganisha michoro miwili: wapi inakutana, wapi inaachana, na wapi wananchi wana kitu ambacho wataalamu hawana. Dodoso linakuja baada ya hapo, likiwa na maneno ya watu wenyewe.

Swali letu la kwanza likawa: “Nieleze kazi ya hapa, kuanzia jiwe linapotoka chini mpaka unapata hela.” Hakuna neno hatari, hakuna wasiwasi, hakuna mazingira. Mtu anayeeleza kazi yake anafika mwenyewe mahali panapomtisha, na akifika sauti yake inabadilika. Hapo ndipo unapouliza: “Hapo inakuwaje?”

Njia ya pili ilikuwa ya kokoto. Kila kikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, kilitaja mambo yanayokinyima usingizi. Kila jambo tuliliwekea alama chini: kipande cha kamba kwa duara, konzi ya unga wa mawe kwa vumbi, kisoda kwa mekyuri, kwa kuwa hapo inauzwa kwa kisoda. Kisha wakagawa kokoto ishirini, nyingi kwa linalowasumbua zaidi. Kokoto zenyewe hazikuwa na maana kubwa. Maana ilikuwa kwenye mabishano, pale mmoja anapoweka kokoto na mwingine anaiondoa na kusema sababu yake. Mhojaji mmoja kazi yake ilikuwa kuandika mabishano hayo tu.

Tulifanya pia matembezi ya eneo, watoto wakituongoza kwenye njia wanazopita kwenda shule.

Tulichokuta

Wanaume waliweka kokoto nyingi kwenye duara kutitia na kumfunika mtu. Wanawake waliweka kwenye maduara yaliyoachwa wazi, yaliyojaa maji wakati wa masika na kufunikwa na majani wakati mwingine, kando kabisa ya njia ya watoto. Kwenye orodha yetu ya maswali 42, maduara hayakuwemo. Sisi tulikuwa tumefikiri hatari ya mazingira ni kemikali.

Vumbi lilikuja la pili kwa wote. Hili ndilo lililonifundisha zaidi. Kwenye dodoso vumbi lilikuwa na mstari mmoja, mwishoni. Wao walizungumza kwa muda mrefu kuhusu vijana wa karasha wanaokohoa, wanaokonda, wanaorudi kwao na hawaonekani tena. Vumbi la mawe yenye silika huharibu mapafu na kumfungulia mtu mlango wa kifua kikuu, jambo linalojulikana vizuri kwenye migodi duniani kote. Walikuwa sahihi, na sisi wataalamu tulikuwa tumelipita kwa sababu mfadhili wetu alikuwa wa zebaki.

Kuhusu mekyuri yenyewe, mchoro wao na mchoro wa wataalamu uliachana mahali pamoja pa maana. Nilimkuta mama mmoja anachoma nyumbani. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, donge limekaa kwenye kipande cha bati, na hatua moja nyuma yake sufuria ya maharage ilikuwa inatokota kwenye mafiga, kifuniko kimeegemezwa pembeni. Mkononi alikuwa amevaa mfuko wa plastiki, amefunga kwa mpira kwenye kiganja. Nilimwuliza mfuko ni wa nini. Akasema mekyuri ni sumu, haitakiwi kuguswa. Nikamwuliza na ule mvuke je? Akainama, akanusa juu ya bati, akaniambia: “Huu hauna harufu. Ule wa dizeli wa karasha ndio mbaya, unasikia kabisa kifua kinakaza.”

Hiyo ndiyo ramani yao: sumu inaingia kwa ngozi na kwa mdomo, na moshi mbaya unajulikana kwa harufu. Ukweli ni kinyume karibu kabisa. Zebaki ikiwa bado kimiminika, ikiguswa au hata ikimezwa, huingia mwilini kidogo sana. Ikivutwa kama mvuke, takriban asilimia 80 hufyonzwa na mapafu na kupelekwa na damu hadi kwenye ubongo na figo. Na mvuke huo hauna rangi wala harufu. Mama yule hakuwa mzembe. Alikuwa anajilinda kwa bidii, kwenye mlango usio wenyewe.

Halafu kulikuwa na maziwa. Karibu kila tuliyezungumza naye alituambia kwamba baada ya kuchoma, au baada ya siku nzima kwenye vumbi, unakunywa maziwa ili yasafishe kifua. Dodoso letu lilikuwa limeuliza watu wanahofia kiasi gani. Halikuuliza wanafanya nini na hofu yao. Mtu mwenye dawa anayoiamini huweka hofu chini akalala, na bila kujua habari ya maziwa usingeelewa kwa nini mtu anayekuambia mekyuri ni sumu kali anaichoma jikoni.

Jambo la mwisho lilisemwa kwa sauti ya chini, siku ya sita, na wanawake wa karai. Walichohofia zaidi kuhusu mekyuri ni watu wanaokuja kuizungumzia. Waliwahi kusikia machimbo ya kwingine yakifungwa baada ya wageni kama sisi kupita. Kwao, kusema “ndiyo, inatudhuru” ilikuwa sawa na kujifungia kazi.

Matokeo

Ripoti ilichelewa. Mfadhili alipata asilimia chache kuliko alizotaka, na maelezo mengi kuliko alivyozoea. Kampeni ilibadilika kwa sehemu. Mabango ya “Acha zebaki” hayakuchapishwa. Badala yake mafunzo yalianza na moto: kuchomea mbali na nyumba na jiko, na kutumia ritoti, kifaa kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki inayoweza kutumika tena. Hoja iliyowavuta watu kwenye ritoti ilikuwa ya fedha, kwamba kisoda kimoja kinafanya kazi ya zaidi ya kimoja.

Maduara hayakuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote. Tuliwapelekea serikali ya kijiji ramani waliyochora watoto, na baadhi ya mashimo yaliyo kando ya njia ya shule yalizungushiwa matawi ya miiba. Mengine, nilipopita mara ya mwisho, yalikuwa bado wazi.

Dodoso fupi la kuthibitisha, ambalo lingetuambia ni wangapi wanaamini habari ya harufu na wangapi habari ya maziwa, tulilifanya kwenye kitongoji kimoja tu. Fedha ziliishia hapo.

Uchambuzi

Siwezi kusema dodoso la ngazi tano ni zana mbaya. Kwa watu waliozoea kupima mambo kwa namba, na kwa vitu ambavyo maana yake imeshakubaliwa, linatoa picha ambayo mazungumzo hayawezi kuitoa. Kosa letu lilikuwa la mpangilio. Tulianza na zana inayodhani tayari unajua majina ya hofu, tukiwa hatuyajui. Dodoso lile lile, lingekuja baada ya kukaa mwaloni wiki moja, likiwa na mekyuri, harufu, maziwa na duara la wazi ndani yake, lingekuwa zana nzuri sana.

Tafsiri tuliipa siku moja. Tulifanya kile kinachofanywa na wengi: mtu mmoja akatafsiri kwenda Kiswahili, mwingine akarudisha kwenye lugha ya awali, tukalinganisha, tukakuta imekaa sawa. Njia hiyo inakamata neno lililokosewa. Haikamati neno lililo sahihi ambalo limebeba historia nyingine. Mazingira, wasiwasi, kero, zebaki: yote yangepita mtihani huo bila doa. Kilichokuwa kinatakiwa ni kumsomea swali mama wa karai na kumwuliza, “Hapa mimi nimekuuliza nini?”, kisha kunyamaza. Kazi ya alasiri mbili, kwa watu wanane au kumi. Ningeirudisha hiyo hata kama ningelazimika kupunguza sampuli kwa nusu.

Kusimama siku ya nne kulikuwa sahihi, na nasema hivyo nikijua kwamba gharama yake ndiyo iliyotuzuia kulikamilisha lile dodoso la kuthibitisha. Lakini kulikuwa na njia ya kuepuka gharama hiyo: kumwomba mfadhili tangu mwanzo bajeti ya awamu mbili. Tuliogopa kwamba tungeonekana hatujui tunachokitafuta. Ukweli ni kwamba hatukujua, na mtafiti wa hofu za watu hatakiwi kujua kabla ya kufika.

Swali la samaki linahitaji kuangaliwa peke yake, kwa sababu linahusu maadili kuliko ufundi. Swali kuhusu hatari hubeba taarifa ndani yake. Mtu mwenye kibali, kishikwambi na nembo akikuuliza kama unahofia sumu kwenye chakula chako, tayari amekuambia kuwa huenda ipo. Kamati za maadili zinauliza kuhusu siri za mhojiwa na ridhaa yake. Yule mama wa sangara hakuwa mhojiwa. Hakuwahi kuulizwa swali hata moja, na fomu ya ridhaa isingemfikia. Tangu wakati huo, kabla ya dodoso lolote kutoka ofisini, tunapitia kila swali na kujiuliza: likisambaa kijijini likiwa limepoteza alama ya kuuliza, litamgusa nani? Na je, tuna jibu la kumpa akija? Kama hatuna, swali linaondoka au linasubiri vipimo.

Mkutano wa sokoni ulisaidia, ila nisiupambe. Ulisaidia kwa sababu tulikubali kosa mbele ya walioumia. Kuna kisa kinachofundishwa sana cha wafugaji wa kondoo wa Cumbria, Uingereza, baada ya mionzi ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl kunyesha kwenye malisho yao mwaka 1986. Waliambiwa zuio la kuuza kondoo litadumu wiki chache tu. Kwa baadhi ya mashamba liliondolewa mwaka 2012. Waliochunguza hofu za wafugaji wale walikuta kwamba kutokuamini kwao kulitokana na kuwaona wataalamu wakisema kwa uhakika wasichokijua, na kudharau yale ambayo mfugaji anayajua kuhusu udongo wake na kondoo wake. Sisi tulikuwa karibu kufanya hivyo hivyo na vumbi.

Vizibao tungevivua tangu siku ya kwanza. Kuingia na mtendaji hakukwepeki, na si vizuri kukukwepa, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba. Ila mtendaji anaweza kututambulisha kwenye mkutano kisha akatuacha, na kuanzia hapo tukatembea na mtu wa kambini.

Kokoto zilifanya kazi vizuri kwa wanawake kuliko kwa wanaume. Kwenye vikundi vya wanaume, mwenye duara akiwepo, vijana wake waliweka kokoto pale alipoweka yeye. Tuligundua hilo tukiwa tumeshamaliza. Kutenganisha wanaume na wanawake ni desturi iliyozoeleka. Kutenganisha wenye maduara na vibarua wao hatukulifikiria, na huenda ndiyo maana habari ya vijana wanaokohoa ilitoka zaidi kwa mama zao na wake zao.

Kuna kundi moja ambalo hatukulifikia kabisa: wanunuzi wa dhahabu. Dhahabu ikifika kwenye vibanda vyao inachomwa tena ili kuondoa zebaki iliyobakia, ndani ya chumba kidogo chenye mlango mmoja, siku nzima, kila siku. Kwa hesabu ya mvuke, huenda wao ndio walio hatarini kuliko mtu yeyote tuliyezungumza naye. Walidhani tumetoka mamlaka ya kodi, na kila tulipokaribia walikuwa wametoka kidogo, watarudi jioni. Hata leo sijui wanahofia nini, zaidi ya sisi.